Tuliambiwa tutafute mheshimiwa, tukatafuta chokaa

Wale wanaonipongeza leo kwa njia yetu ya baiskeli na miguu ndio waliotupotezea karibu mwaka mzima kwa ushauri wao. Nasikia sasa wamehamia kwa watu wa Ruashi, komini (yaani sehemu) nyingine ya mji wetu wa Lubumbashi, ambao nao wanataka njia yao irefushwe, na wimbo ni uleule: tafuteni mheshimiwa, tafuteni ONG, yaani shirika lisilo la serikali, tafuteni mtu mwenye jina. Basi nieleze mambo yalivyokwenda huku kwetu, upande wa Katuba, kila mtu ajichagulie.

Lubumbashi ni mji unaoifaa baiskeli. Hatuna milima kama ya Bukavu. Katikati ya mji, palipochorwa mwaka 1910 reli ilipofika kutoka kusini, avenyu zimenyooka kama zilizopigwa rula. Lakini nenda kule asubuhi utafute baiskeli, hutaziona. Ziko huku cité, mitaa ya watu wa kawaida nje ya katikati ya mji. Makala tunayopikia bukari, ugali wetu, huingia mjini mgongoni mwa baiskeli: mtu anatoka porini gizani na magunia matatu au manne, hapandi, anasukuma tu, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo aliyoifunga nyuma. Ongeza watoto wa shule kwa bluu na nyeupe yao, ongeza akina mama wenye beseni kichwani wanaowahi soko la Kenya, komini ya hapa hapa mjini. Wote hao walikuwa na kipande kimoja cha njia ya pembeni, kilichotenganishwa na magari kwa mfereji. Kilianza vizuri, kikafika kwenye kona ya ukuta wa shule, kikaisha. Hapo unatupwa barabarani kati ya taksi-basi na malori.

Tulichotaka hakikuwa kikubwa. Kipande kile kiendelee mpaka sokoni, na Mungu akijalia mpaka darajani. Kilometa moja na kitu.

Tukaanza kwa mheshimiwa, kama tulivyoshauriwa. Jina lake halina kazi hapa. Tukakodi viti na hema, tukanunua kreti za soda, akina mama wakafundishwa wimbo wa kumpokea. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, watoto wakaanza kuzizungukazunguka soda. Saa nane ikafika gari, akashuka kijana mwenye miwani ya jua akasema mheshimiwa ana udhuru, yeye anamwakilisha. Akahutubia kwa Kifaransa kirefu juu ya maendeleo. Sisi tukasema: njia. Akasema njia itakuja, kwanza kuna zawadi. Akafungua buti la gari: mpira mmoja na fulana zenye picha ya mheshimiwa anayetabasamu. Wimbo ukaimbwa, soda zikaisha, gari likaondoka. Kesho yake asubuhi nilisimama kwenye kona ya ukuta wa shule nikaona msukuma makala anaponea chupuchupu kugongwa na lori, naye amevaa ile fulana. Mheshimiwa akaendelea kutabasamu kifuani mwake.

Ushauri wa pili, wa kuandika mradi kwa wafadhili, siupotezei maneno. Kijana mmoja alichukua pesa zetu, akatuletea kurasa nyingi zenye mishale na majedwali. Nilimpa mke wangu, akawashia mbabula, jiko letu la makala.

Aliyetutoa gizani ni mpwa wangu, anayesoma sheria UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na hata yeye alilitaja jambo hilo kwa bahati tu akila. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya Leta, yaani serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi 3. Kisha kuna sentensi niliyoipenda kuliko zote: hakuna atakayeshtakiwa kwa kuanzisha jambo hilo. Sentensi hiyo ndiyo iliyotia saini, si mimi. Wazee wetu wameona mengi, hawaandiki jina lao kwenye karatasi ovyo. Niliwasomea, nikawaonyesha kitabu chenyewe, ndipo kalamu ikazunguka kwenye barua yetu ya ombi. Wasiojua kuandika wakatia kidole gumba.

Barua iwe fupi, ukurasa mmoja. Na usiondoke ofisini bila nakala yako kugongwa muhuri na tarehe! Karani atakwambia, "Acha tu, Papa, tutaiingiza." Kaa. Nilikwenda na gazeti langu nikakaa kwenye benchi mpaka muhuri ukapatikana. Jambo lingine: kila ofisi itakuelekeza kwa nyingine, komini kwa mji, mji kwa watu wa barabara. Kwa hiyo chini ya barua andika "nakala kwa" na uzitaje zote, kila mmoja aone kwamba mwenzake anajua. Mtu anaweza kuipoteza barua yako, lakini hapendi mwenzake ajue kwamba ameipoteza.

Wakati miezi ile inakwenda, tukafanya jambo ambalo mpaka leo likitajwa nacheka peke yangu. Mahali pa kupitisha njia palijaa vibanda, matofali na mchanga wa watu. Tulijua injenia atakayekuja ataangalia, atasema "hakuna nafasi," atapanda gari. Kuwaambia watu waondoe vitu ni kutafuta ugomvi. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi yote ni ya Leta, sawa, lakini jaribu kumsomea sheria hiyo mama aliyepigilia misumari ya kibanda chake mwenyewe.

Sasa kila mtu wa mji huu anajua maana ya msalaba mwekundu kwenye ukuta: nyumba yako itabomolewa. Rangi nyekundu hatukuithubutu, tungepigwa mawe. Tulinunua chokaa, mfuko wa bei ndogo, nadhani ni chini ya zile soda za mheshimiwa. Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja ya usafi, kwa ruhusa ya shefu wa mtaa, tukapanga mawe kwenye mistari miwili kuanzia ukuta wa shule mpaka sokoni, tukayapaka chokaa. Hatukusema neno. Watu wakapita, wakatazama, wakaulizana. Mmoja akasema ni Leta, mwingine akasema ni Wachina wanakuja kutengeneza barabara. Sisi tukanyamaza, tukachezea brashi zetu.

Siku chache tu, matofali yakaanza kuhama yenyewe. Vibanda vikarudi nyuma, kimoja kimoja, usiku. Jamaa aliyekuwa amechimba msingi wa ukuta akaufukia akachimba mwingine ndani zaidi, kisha akaja kuniuliza ni agizo la nani. Nikamjibu kwamba mawe yanaonekana. Sikudanganya!

Alibaki mama mmoja wa lengalenga, muuza mchicha, hakutishwa na chokaa wala na sisi. Alisema amekaa hapo tangu mawe yalipokuwa hayana rangi. Kwake ilibidi tuongee lugha ya biashara. "Mama, gari lililokimbia limewahi kusimama likanunua fungu lako?" Akafikiri. "Hapana." "Wanaonunua wanakuja na nini?" Akatazama miguu ya watu waliokuwa mbele ya meza yake. Alisogea hatua mbili nyuma ya mawe, na tangu siku hiyo ndiye anayewafokea wanaomwaga mchanga njiani. Sauti yake inafika mpaka mtaa wa Kisanga.

Jibu la barua lilikuja kabla miezi haijaisha, mistari miwili, kwamba fundi atatembelea. Akaja saa saba mchana, jua kali, hakuna baiskeli hata moja. "Mbona hakuna watu?" Tungemwacha aende, tungekwisha. Nikamwambia, "Tata injenia, mtu wa makala saa hizi amelala. Rudi saa kumi na mbili asubuhi." Sikutegemea, lakini alirudi. Ilikuwa Juni, ile baridi yetu ya Juni, na vumbi jekundu limetulia. Wasukuma makala walikuwa wanapita wamefuatana. Mmoja, kijana wa maneno mengi, akasimama mbele yake: "Shefu, shika hii kinga, hii baiskeli, utuonyeshe pa kupita."

Akaishika, na viatu vyake vya ngozi. Alijitahidi, nisimnyime haki yake, akapita nyumba tatu hivi. Halafu lori likapiga honi nyuma yake, akashtuka, mzigo ukamvuta upande wa mfereji. Vijana wakaruka, wakaokoa magunia kwanza, kisha ndiyo wakamkumbuka yeye. Akasimama, akajipangusa, akachukua kidaftari. Sisi tuliomba upana wa meta moja na nusu. Aliandika meta mbili, akapiga mstari chini yake.

Mtambo wa kusawazisha ulikuja kiangazi hichohicho, ukamwaga kifusi na kukishindilia. Vifuniko vya zege vya mfereji tulichanga wenyewe, mama wa lengalenga ndiye aliyeshika daftari la michango, na hakuna aliyethubutu kuchelewa. Njia inafika sokoni. Darajani bado, barua yake imegongwa muhuri na tunahesabu miezi.

Shida ya sasa ni pikipiki. Teksi-moto wamegundua kwamba njia ni laini kuliko barabara. Tulisimika vigingi vya miti mlangoni, tukavisogeza karibukaribu mpaka pikipiki ikakwama, na papo hapo akakwama msukuma makala na magunia yake manne, foleni ikafika kwenye ukuta wa shule. Tukavitanua, pikipiki zikarudi. Kuna anayependekeza tuweke kigingi kimoja kirefu na kimoja kifupi, gunia lipite juu ya kifupi na usukani wa pikipiki ukwame. Kimechongwa tayari, kiko kwangu uani, tutakijaribu Jumamosi.