Siku Moja Maishani Mwangu: Wiki Tatu Kabla ya Kuingia Kizimbani

Saa 11:30 alfajiri. Sala imekwisha, choo tayari, tumboni halijaingia hata funda la maji: hapo ndipo mizani husema kweli. Leo inasoma kilo 69.6. Pambano langu la MMA, mchezo wa kupigana ndani ya kizimba kwa ngumi, mateke, kuangushana na roba, ni la kilo 65.8. Kilo mbili zitatoka polepole kwa chakula, zilizobaki ni maji ya siku mbili za mwisho. Anayeifikia wiki ya mwisho akiwa na kilo sita za kutoa hupanda hana miguu, na anahatarisha figo na moyo. Kujifunika nailoni na kukimbia juani kwa joto letu la Unguja ni hatari tupu, kwa sababu hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na mwili unazidi kuchemka.

Saa 12:00. Pwani. Leo maji yamekupwa, mchanga mbichi uko wazi. Siku za bamvua saa hizi maji huwa bado yamejaa, basi tunakimbilia barabarani. Dakika 40 za mwendo wa kawaida, kisha mbio za kasi mara nane, sekunde 30 kila moja, pumziko dakika moja. Tunakanyaga mchanga mgumu tu. Mkavu unazamisha kisigino na kuvuta kano ya nyuma ya mguu, na kano hiyo ikishaudhika hupona kwa miezi. Tena pwani ina mteremko, kwa hiyo nusu ya njia tunageuza, ili nyonga moja isibebe mzigo wote.

Saa 1:30. Mayai matatu, kiazi kitamu cha kuchemsha, chai kavu. Kisha usingizi wa saa moja na nusu.

Saa 4:00. Mbinu, na leo ni kuzuia kuangushwa. Mwenzangu anashuka kushika miguu yangu yote miwili. Kinachookoa hapa ni kiuno. Narusha miguu nyuma, nyonga zinamwangukia mabegani, vidole vya miguu vinakanyaga godoro, uzito wote unamlalia yeye. Mgeni huinama akamsukuma kichwa kwa mikono huku nyonga zake zimebaki juu. Miguu inashikwa, mgongo unalala. Kosa la pili ni kutua kwa magoti. Goti likigusa chini, uzito umeliendea godoro, mpinzani hakubeba kitu. Tunarudia mara 60, kumi kumi, bila haraka.

Halafu roba ya nyuma. Kiwiko kikae sawa na kidevu chake, kiganja kishike msuli wa mkono wangu wa pili, na mkono huo wa pili upite nyuma ya kichwa. Inayobanwa ni mishipa ya damu ya pande mbili za shingo. Ikikaa vyema mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi, ndiyo maana akigonga mara moja tu, ishara ya kukubali kushindwa, naachia. Ukibana koromeo atakohoa, ataumia, na bado atapigana.

Saa 7:00. Samaki wa kuchoma gramu 200, wali kikombe kimoja, mchicha. Nazi ndiyo mtihani wa mpiganaji wa visiwani: tui zito kwenye wali, kwenye mchuzi, kwenye mboga, na mafuta yake hayaonekani kwa macho. Urojo nao unangoja mpaka baada ya pambano.

Saa 10:30 jioni. Kupigana na wenzetu, raundi tano za dakika tano, pumziko dakika moja, kama pambano la ubingwa. Kwetu ngumi zilipigwa marufuku mwaka 1964 na kufunguliwa tena 2022, huku judo ikiendelea. Wengi wetu basi tunajua kubwaga kabla ya kujua kukinga uso. Mkono wa kulia unashuka kila ukirusha wa kushoto, na mwalimu harembi neno.

Tukimaliza tunapangusa magodoro kwa jiki, vijiko vitano vya chakula kwa lita tano za maji, inakaa dakika kumi. Choa kikiingia ukumbini wiki moja inatosha kumpata kila mtu.

Mizani tena: kilo 1.8 zimetoka kwa jasho. Nitakunywa lita 2.7 polepole hadi kulala, ya kwanza ikiwa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi.

Saa 2:30 usiku, baada ya Isha. Natazama mapambano mawili ya MMA ya uzito wa juu, kati ya Francis Ngannou wa Kameruni na Stipe Miocic wa Marekani. Mwaka 2018 Ngannou alichoka mapema, akaangushwa, akapoteza kwa pointi. Machi 2021 Miocic aliingia miguuni raundi ya kwanza. Ngannou akatupa nyonga nyuma, akamzunguka, akampiga. Raundi ya pili akamzimisha na kuwa bingwa. Kipande kile cha miguuni nakirudisha mara tano, nikiangalia nyonga tu.

Saa 4:00 usiku. Bendeji za mikono zimekunjwa. Kesho maji yatachelewa kukupwa kwa dakika 50 hivi, basi mbio zitaanza saa 12:50.