Kota za reli kwenye meza ya sebuleni

Treni yenyewe ni ya mfano, ndogo ya kuendeshwa mezani, na ni ya Uswisi. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, kichwa kimoja chekundu na mabehewa matatu, na kilichonivuta ni upana wa reli yake: milimita 12. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, hiyo ni karibu mita moja, yaani reli nyembamba ileile ya Reli ya Kati. Nimekulia Tabora, kwenye kota za reli, pale treni za Mwanza na za Kigoma zinapoachana njia.

Shida ikawa nyumba. Zinazouzwa kwa ajili ya treni za namna hii ni za milimani Ulaya, mapaa yamechongoka, maua yamejaa madirishani. Kota yenye baraza la saruji na bati la migongo sijaiona ikiuzwa popote. Basi nikaamua kujenga mwenyewe: kota nne na maegesho ya magari mbele ya stesheni. Imenichukua Jumamosi za miezi saba, na nyingi kati ya hizo nilizipoteza kwa kutaka kila kitu kiwe kizuri.

Ramani sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni picha moja ya zamani, sisi watoto tumepangwa mbele ya mlango kama magunia. Mlango huo ndio ukawa rula yangu. Ukichukulia mlango una mita 2.1, ukigawa kwa 87 unapata milimita 24. Ukishajua hilo unaweza kupima dirisha, baraza na kimo cha ukuta palepale kwenye picha. Nikakata njiti ya kiberiti yenye urefu wa milimita 20, huyo ndiye mtu mzima wangu, nikamwita Shemeji. Kila nilichojenga nilimsimamisha pembeni. Dirisha la nyumba ya kwanza lilimfika Shemeji kwenye paji la uso. Nikalibomoa.

Kuta ni kadibodi ya unene wa milimita 2, ambayo kwa ukubwa wa kweli ni kama tofali la inchi sita na plasta yake. Kadibodi ina tabia moja mbaya: ukipaka rangi upande mmoja, inapinda kama samaki kwenye kikaango. Nilijifunza kupaka pande zote mbili siku ileile, na kubandika njiti kwenye kona za ndani. Kwa plasta nilichanganya poda ya mtoto na rangi ya maji, nikapaka kwa brashi iliyochakaa. Vioo vya madirisha vimetoka kwenye plastiki ngumu ya pakiti ya shati.

Bati ndilo lililoninyima usingizi. Nilijaribu karatasi iliyokunjwakunjwa, ikaonekana feni ya mkononi. Nilijaribu boksi lenye migongo ndani yake, migongo ikawa mikubwa, Shemeji angeweza kulala humo. Fundi baiskeli wa mtaani ndiye aliyenitoa, bila mwenyewe kujua. Nilimkuta ameshika bolti ndefu ya M5, yaani ya unene wa milimita 5, yenye hesi, ile mistari ya kuzungukia nati, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hesi za bolti hiyo zimeachana milimita 0.8. Zidisha kwa 87, unapata karibu sentimita saba, na mgongo wa bati la kawaida ni sentimita saba na nusu hivi. Nikamwambia, "Fundi, niuzie hiyo." Akauliza ni ya baiskeli gani. Nikasema ya nyumba. Akanipa bure, nadhani kwa huruma.

Unafanya hivi: tandaza foili ya jikoni juu ya soli ya ndala, kisha biringisha bolti juu yake kwa kukandamiza, kama unayesukuma chapati. Soli inabonyea, foili inashika migongo. Mistari haitoki sawa kabisa na njia ya bolti, huenda upande kidogo kwa sababu hesi zenyewe zimelala, kwa hiyo usikate kwa kufuata ukingo wa foili, fuata mistari. Halafu, jambo ambalo wengi hulikwepa, nilikata bati mojamoja, milimita 34 kwa 10, nikazibandika moja ikilalia nyingine kuanzia chini kwenda juu, kama fundi paa anavyofanya. Kota moja ilikula zaidi ya bati 80. Ukiweka kipande kimoja kikubwa, jicho linajua kuna uongo hata kama haliwezi kusema ni upi.

Nyumba zilipokamilika zilikuwa safi, nyeupe, mapaa yanang'aa. Na zilikuwa midoli. Mama alikuja kunitembelea wiki ile, akavaa miwani, akainama mezani muda mrefu.

"Hizi ni nyumba za nani, mwanangu?"

"Ni kota zetu, mama."

"Kota zetu zilikuwa na moshi."

Akanionyesha kwa kidole: hapa nyuma ya jiko ukuta ulikuwa mweusi. Hapa chini ulikuwa mwekundu, mvua ikipiga udongo unaruka mpaka magotini. Hapa baba yako alifunga waya wa nguo. Sikubishana. Nilisaga mkaa nikaupaka nyuma ya jiko kwa kidole. Tope la ukutani ni udongo mwekundu wa kweli niliouchekecha kwa soksi ya nailoni. Nililipaka likiwa jingi chini, likafifia kabla ya kufika kwenye goti la Shemeji. Juu ya mabati nilipulizia praima ya kijivu, kisha nikagonga rangi ya kutu kwa kipande cha sponji ya godoro, kwenye maungio na kwenye mistari ya misumari, maana kutu haianzi katikati ya bati.

Maegesho niliyaona kazi ya jioni moja. Nilibandika msasa mweusi, nikachora mistari myeupe, nafasi za milimita 29 kwa 57, nikapanga magari. Likatoka duka kubwa la mjini lililofunguliwa jana. Niling'oa lote. Nilikaa nikijiuliza, mbele ya stesheni yetu watu waliegesha wapi hasa? Chini ya mwembe. Kivuli ndicho kilichopanga magari; kila gari lilisukumana kuingia kivulini, na uwanja uliobaki ulikuwa mtupu, jua linauchoma.

Kwa hiyo nilianza na mwembe, waya wa umeme uliosokotwa na majani ya sponji iliyosagwa. Chini nikamwaga udongo uleule uliokaushwa. Kabla ya kuumwaga nilipitisha sumaku juu yake, kwa sababu chembe za chuma zikiingia kwenye mota ya treni, umeiua. Gundi nyeupe na maji, tone la sabuni ya vyombo ili isambae, nikadondosha kwa sindano isiyo na ncha. Njia za matairi nilizikandamiza kwa gari lenyewe, udongo ukiwa bado mbichi. Ukingoni nimepanga mawe ya milimita 3 yaliyopakwa chokaa, moja limeng'oka. Landrova mbili, pikapu, na teksi iliyoegeshwa vibaya. Chini ya teksi nimeweka matone matatu ya rangi nyeusi inayong'aa, oili.

Mama aliporudi alivaa tena miwani. Alimaliza kutazama, akavua.

"Kuku hawapo."

Kuku kwa kipimo hicho ni milimita 4. Punje ya ufuta ni 3, lakini ukiiongezea tone la gundi upande wa mkia, inakaribia. Mpaka sasa nina sita, na jogoo mmoja ambaye kila nikimbandika anaanguka kifudifudi.