Siku moja Berlin na baiskeli ya mizigo: namba ya nyumba haikufikishi mlangoni

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ya kupeleka vifurushi huanza ghalani, kabla ya kupanda baiskeli. Vifurushi navipanga kwa msimbo wa posta wa tarakimu tano, jina la barabara baadaye. Mwaka 1920 miji na vijiji vya jirani viliunganishwa kuwa Berlin moja, na vingi vilikuja na majina yao ya barabara. Ndiyo maana Berliner Straße iko Pankow, iko Wilmersdorf, iko Tegel, iko Zehlendorf. Ukiandika jina na namba tu kwenye ramani ya simu, unaweza kupelekwa upande mwingine kabisa wa mji, na hapo saa nzima imepotea.

Saa 3. Kurfürstendamm, barabara ndefu ya magharibi mwa Berlin. Hapa mgeni hukwama, maana amezoea namba shufwa upande mmoja na witiri upande wa pili. Barabara nyingi za zamani za Berlin haziko hivyo: namba hupanda mfululizo upande mmoja hadi mwisho wa barabara, zikavuka, kisha zikarudi upande wa pili. Kurfürstendamm inaanzia namba 11 pale uwanja wa Breitscheidplatz (kipande chenye 1 hadi 10 kiliingizwa Budapester Straße mwaka 1925). Namba hupanda upande wa kaskazini hadi mtaa wa Halensee, zinarejea kwa upande wa kusini, na kuishia 237 karibu na pale zilipoanzia. Ukiwa mbele ya 206, ng'ambo huoni 205. Unaona thelathini na kitu. Kumbe barabara nyingine ni za shufwa na witiri, na hakuna alama ya kukuambia uko kwenye ipi. Dawa yake iko kwenye kona: juu ya kibao cha jina la barabara kuna kipande kidogo chenye namba za nyumba za sehemu ile, mathalani 45–52. Kisome kabla ya kuchagua upande.

Saa 5. Mtaa wa Neukölln, majengo ya kale ya ghorofa tano. Nyumba umeipata, lakini kazi ndiyo kwanza inaanza. Majengo haya yamejengwa kwenda nyuma, jengo baada ya jengo, katikati kukiwa na nyua. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1853 ilidai ua usiopungua mita 5.34 kila upande, ili gari la zimamoto liweze kugeuka. Wajenzi wengi wakaishia hapo hapo. Kwa hiyo namba moja inaweza kubeba milango minne au mitano ya ngazi. Kwenye anwani tafuta VH (Vorderhaus, jengo la mbele linalotazama barabara), SF (Seitenflügel, ubavu wa kushoto au kulia wa ua), na HH au QG (Hinterhaus au Quergebäude, jengo la nyuma). Kama zipo nyua mbili, uliza ni ua wa ngapi.

Kengele zina majina ya ukoo. Vyumba havina namba. Paneli hupangwa mara nyingi kwa kufuata ghorofa, chini hadi juu, ila usiiamini sana. EG ni ghorofa ya chini, 1. OG ni ile iliyo juu yake. Kushoto na kulia huhesabiwa ukiwa unapanda ngazi, uso ukielekea milango. Ukisikia mlango unavuma, ujue mwenyeji ameufungua kwa kitufe cha umeme, sukuma papo hapo. Mvumo ukikatika, kitasa kimejifunga tena na itabidi umsumbue mwenyeji upya.

Saa 7. Mkate, chai, betri ya pili ya simu.

Saa 8. Majina yasiyopatikana. Wapangaji wapya na wanafunzi wanaokodi chumba kwa mtu huacha jina la mwenye nyumba peke yake kwenye kengele. Posta nayo hurudisha barua, zikiwemo za benki na za ofisi ya uhamiaji. Ndugu yangu unayehamia huku, bandika jina lako kwenye kengele na kwenye sanduku la barua siku ile ile ya kwanza. Ikishindikana, anwani iandikwe jina lako, kisha chini yake "bei" (Kijerumani, maana yake "kwa fulani") na jina lililo mlangoni.

Saa 10. Mwezi Desemba giza linaanza kuingia. Taa za ngazi zina saa, huzima zenyewe. Kabla ya kupanda, angalia kitufe chenye kijitaa chekundu au cha chungwa ukutani. Kipo karibu kila ghorofa. Kibonyeze unapopita hata kama taa bado inawaka, hasa ukiwa na sanduku linaloziba macho yako.

Saa 12 jioni. Vilivyorudi ghalani naviandikia maelezo ya dereva wa kesho: "ua wa pili, ubavu wa kushoto, ghorofa ya 3 kulia, kengele ina jina jingine". "Hakuwepo" peke yake haimsaidii mtu.