Siku ya Arobaini na Moja

Arobaini yangu ya uzazi niliikalia kwa mamangu, Kibokoni, Mombasa, na sina la kulalamika. Mkandaji alikuwa akija alfajiri na maji yake ya moto, ananikanda mgongo na nyonga huku akinipa habari za mtaa mzima, kisha ananifunga mkaja mpaka pumzi inakaribia kukatika. Supu ya kuku wa kienyeji, uji wenye pilipili manga nyingi, chai ya mdalasini. Mtoto akilia usiku, hata sijajiinua, keshachukuliwa. Khalati, dadake mamangu, akinikuta na simu ananinyang'anya, ati mwanga wake unaharibu macho ya mzazi. Aliyasikia wapi hayo sijui, lakini nililala.

Siku yenyewe ikafika. Mtoto akafukizwa udi, pilau likaliwa, na jioni nikapandishwa tuktuk na mabegi yangu, narudi kwangu Mshomoroni, ghorofa ya tatu. Kesho yake nikaamka mimi, mtoto, na mitungi ya maji ambayo mwenye mkokoteni aliiacha chini kwenye ngazi. Mume wangu yuko bandarini, zamu ndefu. Joto la kaskazi hilo, na stima imepotea.

Kwa mamangu pia nilikuwa nimelia, zile siku za mwanzo, na wazee wakacheka: maziwa hayo yanaingia. Walikuwa na haki. Wanawake wengi hulia wakishazaa, homoni zinaposhuka kwa ghafla, na aghalabu wiki mbili haziishi kabla mambo hayajatulia. Kilichonikuta Mshomoroni kilikuwa kingine: sonona, msongo wa baada ya kuzaa. Mtoto analala, mimi silali. Nimemwinamia nasikiliza kama anapumua. Chai inapoa, siinywi. Mume akiuliza kuna chakula gani, namjibu kama mtu aliyetukanwa. Na wazo moja halibanduki, kwamba huyu mtoto angekuwa salama zaidi kwa mtu yeyote mwingine kuliko kwangu. Nifasi, damu ya uzazi, ilikuwa imekwisha, nimerudi kwenye swala, na nikawa sifiki rakaa ya pili bila machozi.

Zidisha dua, nikaambiwa. Mtu analia juu ya msala, azidishie wapi?

Khalati alisema ni husda, mtoto amenona na watu wana macho. Akanipeleka kwa maalim, nikaandikiwa kombe: aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, nikanywa. Wa kucheka na acheke. Pale nilikaa kwenye nyumba yenye watu, nikasomewa, khalati kanishika mkono muda wote, na hilo peke yake lilikuwa na faida yake. Tena maalim mwenyewe ndiye aliyemgeukia khalati akamwambia, na hospitali mpelekeni. Wapo wanaotaka uchague, ama maalim ama daktari, na mimi naona hao ndio wanaochelewesha wagonjwa. Maalim wangu hakutaka nichague.

Lakini aliyenishika hasa ni nasi, yaani muuguzi, wa kliniki ya watoto. Ratiba ya chanjo ya Kenya inamtaka mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 ni siku ya arobaini na mbili. Yaani wanawake wa arobaini wanaondoka, na siku mbili baadaye serikali inakuita. Mpango mzuri kweli, ila anayeitwa ni mtoto. Wiki ya 6 wangu alipimwa, akachomwa sindano, kijitabu kikaandikwa, anayefuata. Foleni ilikuwa imefika nje, simlaumu mtu.

Wiki ya 10 alikuwepo nasi mwingine, mama wa makamo. Akamning'iniza mtoto kwenye mizani na ile suruali yake ya kitambaa, akasoma kilo, akaandika, akasema mashallah. Kisha akaiweka kalamu chini. "Mtoto amelala vizuri huyu. Wewe je, mamangu?"

Sikuweza kujibu. Akanihamisha kwenye kiti cha pembeni, akamwomba mwenzake ashike foleni, akaniuliza maswali yake kumi. Yalitungwa Uskoti, Edinburgh, yakachapishwa mwaka 1987, na yanauliza siku saba zilizopita tu: umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? La kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Hapo nilinyamaza, nikafikiria polisi. Najua siko peke yangu, maana kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kama kuna mama anasoma hapa na hofu ni hiyo, hilo swali lijibu kama lilivyo. Nasi wangu alinieleza vivyo hivyo, akangoja, nikamjibu.

Nikaandikiwa rufaa. Kwetu jina la hospitali ya Port Reitz lilikuwa la kutishia watoto, kwa sababu wodi ya wagonjwa wa akili iko huko, kwa hiyo mamangu aliposikia "daktari wa akili" alikaa kitini na buibui lake, hata kulivua hakulivua. Wodi yenyewe sikufika. Mshauri nasaha niliketi naye chumba cha kawaida chenye feni mbovu, mtoto mapajani, tukazungumza kuhusu usingizi, kuhusu nani anapika, kuhusu mume wangu. Dawa nikapewa pia. Zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kumeza, na achague daktari, si duka la dawa. Zinataka wiki kadhaa kabla hujaona mabadiliko, na ni vyema uambiwe hivyo mapema usije ukazitupa.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 waliojifungua, 13 hivi hupatwa na maradhi ya akili, hasa huu msongo, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Hebu jaribu kuhesabu kwenye benchi la kliniki.

Usiku wa manane, kliniki imefungwa, kuna nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kupiga ni bure na anapokea mtu wa kuzungumza nawe. Lakini mzazi akianza kusikia sauti, kuona visivyoonekana, au kumsema mtoto maneno ya ajabu, hapo si pa simu wala pa kungoja asubuhi. Hospitali, usiku huo huo, na mtoto ashikwe na mtu mwingine.

Na jirani yangu wa mlango wa pili nisipomtaja nitakuwa mchoyo. Mama wa Kigiriama, auza viazi karai jioni. Hakuniuliza nina nini. Alikuwa akigonga adhuhuri, "Nipe huyo, lala," anaondoka naye. Saa moja nzima. Nilikuwa naoga, naanguka kitandani. Daktari alipouliza nyumbani nina msaada gani, nilimtaja yeye kabla ya watu wa damu yangu, na mamangu yuko papo hapo anasikia. Tulirudi ndani ya matatu hatusemi, toka Buxton mpaka Kongowea.

Sasa wifi yangu ana mimba ya miezi saba, na juzi tumekaa Kibokoni kupanga. Arobaini itakuwa kama kawaida, hakuna anayeigusa. Ya baada yake ndiyo tuliyobishania. Mamangu anasema arobaini ni arobaini, mambo ya kugawana siku ni ya kizungu. Khalati kachukua Jumatatu. Mimi Jumatano, na wiki ya 6 na ya 10 nitakwenda naye kliniki. Kakangu tumempa usiku wa Jumamosi, analalamika hajui kumfunga mtoto nepi. Mamangu kakaa kimya mpaka tumeshavaa viatu, ndipo akasema Ijumaa ni yake, na jikoni asikute mtu.