Ndani ya Ndege, Betri Inatisha Kuliko Mawimbi ya Simu

Mhudumu wa ndege anapotangaza kwamba simu zote ziwekwe katika hali ya ndege, abiria wengi hudhani kwamba simu moja tu iliyosahaulika inaweza kuipotosha ndege njia. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, ila imekuzwa mno. Mawimbi ya simu yanaweza kuingilia redio, rubani akasikia masikioni mkwaruzo ule unaosikika kwenye spika simu inapokaribia kuita, na hiyo ni kero kubwa kwa mtu anayesikiliza maelekezo ya kutua. Hata Marekani ilipopiga marufuku matumizi ya simu za mkononi angani mwaka 1991, shabaha kuu ilikuwa kuilinda mitandao ya ardhini, kwa kuwa simu iliyo juu hunaswa na minara mingi kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 mamlaka za anga za Marekani na Ulaya ziliruhusu vifaa vidogo vitumike safari nzima, mradi viwe katika hali ya ndege.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni betri. Betri ya lithiamu iliyopasuka, iliyobonyea au iliyotengenezwa vibaya inaweza kuanza kujipasha moto yenyewe, na seli moja ikishaungua huiunguza ya jirani, hivyo moto uliokwisha kuzimwa huweza kuwaka tena ikiwa betri haijapozwa kwa maji. Ndiyo maana pawabenki, yaani betri za kubebeka za kuchajia simu, haziruhusiwi katika mizigo inayokwenda chini ya ndege, ambako hakuna mtu wa kuuona moshi mapema. Kikomo cha kawaida kwa betri inayobebwa mkononi ni saa-wati 100, kipimo cha nishati inayohifadhiwa na betri; pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh (miliampea-saa), kwa volti 3.7, ina takriban saa-wati 74, kwa hiyo inaruhusiwa, ilimradi maandishi yake hayajafutika.

Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado uwanjani huko Busan, Korea Kusini. Watu wote 176 walitoka wakiwa hai, na wachunguzi walieleza kwamba huenda chanzo kilikuwa pawabenki. Kuanzia Machi mwaka huo, Korea Kusini ilikataza pawabenki zisiwekwe katika makabati ya juu ya viti, na Oktoba shirika la ndege la Emirates likakataza zisitumike kabisa wakati wa safari, ingawa abiria anaruhusiwa kubeba moja. Kwa maoni yangu, tangazo la betri lingestahili kutangulia lile la hali ya ndege.

Lipo pia jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Simu ikitumbukia katika upenyo wa kiti, usikilaze wala kukiinua kiti ili kuitafuta, kwa sababu vyuma vya chini vinaweza kuiponda na betri ikawaka hapo hapo. Kiache kiti kama kilivyo, kisha umwite mhudumu.