Zawadi za Sikukuu Bila Kukanyaga Kariakoo

Kuanzia tarehe 20 Desemba ndugu wa Dodoma na Arusha huanza kuteremka stendi ya Kange hapa Tanga, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Chumbageni haina pa kuweka mguu. Wao wanataka bahari. Sisi wenyeji, kwa joto lile la kaskazi, tunautamani mlima. Na wote, wageni kwa wenyeji, wanategemea zawadi, ingawa hakuna anayefungua mdomo kusema.

Huko nyuma nilikuwa mtu wa kuagiza Kariakoo. Unamtumia mtu pesa, anakununulia, mzigo unakuja na basi, ukifungua unakuta gari la mtoto limeshachomoka gurudumu kabla hata halijachezewa. Halafu Januari hiyo hapo na ada zake. Mwaka jana nikamwambia baba watoto: zawadi zote zitoke humu humu mkoani, na kila safari ya kuwatembeza wageni iwe ndiyo safari ya kununulia zawadi. Nauli moja, kazi mbili. Akacheka, akasema nijaribu.

Ufukwe wa Raskazone sina haja ya kuueleza. Watoto walioga, wakala mihogo ya kukaanga na pilipili, wakarudi na mchanga masikioni. Safari zenye kazi zilikuwa nyingine.

Nilianza na kanga, na hizo nilizinunua kabla wageni hawajafika, maana kanga zinataka akili iliyotulia. Mtu wa mbali anatazama rangi na mji; sisi tunaanza kusoma jina. Ngamiani nina muuzaji wangu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, na huyo hakupimii doti mpaka ajue inakwenda kwa nani.

"Ya nani hii, mwanangu?"

"Ya wifi yangu, mama. Dada yake mume wangu."

"Mnapendana au mnavumiliana?"

"Tunavumiliana vizuri."

Akaichukua mkononi mwangu ile niliyokuwa nimeipenda, ya kijani na manjano, akanionyesha jina lake: *Usisafirie nyota ya mwenzio*. Akaikunja akairudisha rafuni. "Hii mpe adui yako, kama una pesa ya kuchezea." Akanitolea *Wema hauozi*, akasema hiyo haina mwiba, unaweza kumpa yeyote hata mke wa mchungaji. Kwa mama mkwe nikachagua *Nani kama mama*. Mama akanitazama juu ya miwani. "Ukimpa mkwe hiyo, na mama yako mzazi umpe hiyo hiyo, la sivyo utaulizwa." Nikachukua doti mbili.

Kitambaa nacho alinifundisha kukikagua. Unaikamata kanga kwenye ngumi, unaifinya kwa nguvu kisha unaiachia. Pamba tupu hubaki na makunyanzi. Iliyochanganywa hujinyoosha taratibu kama haikuguswa, na hiyo ndiyo inayomtesa mtu kwa joto. Baada ya hapo nilizipitisha kwa fundi cherehani barazani zikatwe na kupindwa. Wapo wanaopenda kupewa doti nzima haijaguswa, waone kwamba ni mpya. Mimi napenda mtu akipokea ajifunge hapo hapo.

Vikoi vya wanaume nilivinunua siku ile ile bila maswali. Kikoi hakisemi kitu, hata ukimpa shemeji asiyesalimia.

Hapa niseme neno moja kuhusu dada wa kazi. Dada wa kazi hapewi kanga peke yake. Anapewa kanga, nauli ya kwenda kwao na kurudi, na pesa ya kuingia nayo nyumbani kwa wazazi wake, na anapewa mapema ili awahi tiketi. Kanga bila nauli ni mzaha.

Watoto nao waliletewa mabegi ya shule na madaftari, wakanuna kama nilivyotegemea. Dawa ya kununa ilikuwa Mapango ya Amboni. Ni kilomita nane hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro, na kiingilio cha Mtanzania hakiumizi. Mwongozaji anatangulia na tochi, anamulika kuta za chokaa na kusema hapa mamba, hapa kochi, hapa tembo. Watoto wakabisha kwamba tembo ni nguruwe, ubishi ukaendelea mpaka kwenye bajaji. Mle ndani pia kuna mzimu, mahali watu wanapoacha ubani na marashi na kuomba shida zao, na shemeji yangu wa Arusha, mtu wa kanisa kweli kweli, alipita pale kwa mwendo wa haraka akiangalia mbele. Kama una watoto wa mjini wasiojua giza ni nini, wapeleke. Viatu viwe vya kufunga, na mtu mnene ajue kuna sehemu atapita kwa kuinama.

Safari niliyoisubiri ni ya Amani, msituni juu ya milima ya Usambara. Tulikodi Noah, kila mtu mzima akachangia, tukatoka alfajiri kupitia Muheza, ambako ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo tulisimama kusalimia na kupakia machungwa. Kutoka Muheza kupanda mlimani barabara ni ya vumbi na kona, na vuli ikiwa haijamalizika ni utelezi; muulizeni dereva kama amewahi kuipanda kabla hamjakubaliana bei. Ukishapita geti la Sigi hewa inabadilika. Wifi yangu aliyekuwa analalamikia jasho tangu Chumbageni akaanza kuuliza nani ana sweta la ziada.

Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea pale Amani mwaka 1902, wakaleta miti ya kila aina kutoka nchi za joto, na mingi bado imesimama. Msitu umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Mwongozaji wetu alituonyesha kwenye mwamba wenye unyevu mmea mdogo, majani yake yana manyoya laini, maua ya zambarau yasiyozidi kifungo cha koti. Akasema ndio huo ambao Wazungu wanaupanda kwenye vyungu na kuuweka madirishani, nje theluji, ndani ua linachanua. Kwao ni huku kwetu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na kutoka pale ukasambaa dunia nzima. Nikasema kimoyomoyo, basi hata yeye alimtafutia mzazi wake zawadi Tanga. Msitutafutie kesi lakini: siku hizi kung'oa mmea hifadhini ni kosa, na mlinzi yupo.

Nilichokifuata mimi kilikuwa viungo. Vijiji vya huko juu wanalima iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga, na ukinunua kwa mkulima mwenyewe unapata kitu ambacho hakijakaa gunia la dukani kikapoteza harufu. Tulipelekwa nyumba moja, mama wa pale akatandika mkeka barazani na kumwaga iliki mbele yetu. Nilikuwa nimefunzwa na bibi yangu, sikununua kwa macho tu. Iliki nzuri ni ya kijani na imejifunga; ikishapasuka mdomo imeshaanza kuachia harufu. Unaibandua moja, unatazama punje: ziwe nyeusi, zinate kidogo kwenye vidole. Zikiwa nyeupe ilichumwa changa. Karafuu unaibana kichwa kwa ukucha, ikitoa mafuta imepona. Ukiwa na wasiwasi itie kwenye glasi ya maji. Nzima itasimama wima au kuzama, iliyokwisha kukamuliwa inalala juu juu. Mama wa watu akacheka, akasema, "Huyu si mgeni, huyu ni wa Bondei." Akanipunguzia bei, au aliniambia amenipunguzia.

Tuliporudi nikafanya kazi ambayo wifi zangu walitaka kunisaidia na nikawaachia: kuchambua. Nilikuwa nimekusanya vichupa vya jemu mwaka mzima, nimevichemsha na kuvikausha juani. Kila nyumba ikapata kichupa cha iliki nzima, kichupa cha pilipili manga, na kifuko cha karatasi cha mchanganyiko wa pilau ambao haujasagwa. Usisage. Ukisaga Tanga, mtu anapika Dodoma vumbi lisilonukia.

Baba mkwe hapiki, kwa hiyo yeye nilimwekea asali ya Handeni. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba nyuki wa Tanga waliwahi kuingia vitani Novemba 1914, wakawauma askari wa Kiingereza na Kihindi waliokuja kuuteka mji, basi asali yao ailambe kwa heshima. Anapenda habari za vita.

Siku ya Krismasi yenyewe hatukwenda popote. Sinia la kwanza la pilau lilikwenda kwa jirani yetu, bibi mmoja wa Kidigo ambaye kila Idi sinia lake linaanzia kwetu. Sahani ya mtu hairudi tupu, akarudisha na visheti.

Baada ya hapo tukapanda Lushoto. Unafika Mombo, unaliacha joto pale chini, na kutoka hapo ni kona juu ya kona mpaka Soni na Lushoto mjini. Mwenye tumbo jepesi ashike ndimu anuse. Desemba ya Lushoto ni baridi ya kuchezea, ya Julai ndiyo ya mablanketi mawili, na kwa kweli kama unaweza kuchagua, nenda kipupwe: anga iko wazi, na mtu wa Pwani anaonja baridi ambayo huwa anaisikia redioni. Lakini Desemba ina kitu chake nacho ni matunda. Soni wanakuzingira na ndoo za plamsi, peasi na mafyulisi kabla gari halijasimama vizuri. Watoto walikula mpaka midomo ikawa myekundu.

Irente tulikaa mwambani karibu nusu siku. Chini unaiona nyika ya Mazinde yote, magari barabarani madogo kama siafu, na upepo unaokuvua kofia. Shamba la Irente wanauza jemu na jibini wanazotengeneza wenyewe. Jemu nilinunua. Jibini niliiacha, maana ingefika Dodoma imegeuka kitu kingine.

Matunda ya kusafirisha yana kanuni zake. Chagua yaliyokomaa lakini bado magumu, sugua kwa kitambaa kikavu, usiyaoshe. Tandika majani makavu ya mgomba chini, panga safu, majani tena, safu. Peasi ziwe chini, plamsi juu. Ukiyabana kwenye sanduku lisilopumua, siku ya pili yametoa jasho na siku ya tatu unatupa.

Cha kupakia nilikuwa nimeshakipata. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, watu wanahangaika na karatasi za kufungia zawadi zinazochanika kabla ya kufika mlangoni. Mimi nilinunua vikapu. Mkonge uliingia nchini 1893, Richard Hindorf akaupanda karibu na Pangani, na mkoa huu umeishi kwa mkonge tangu hapo. Kuikosa bidhaa yake nyumbani ni aibu. Kila familia ikapata kikapu kimoja cha mkonge: kanga chini, vichupa vimezungushiwa kikoi visigongane, jemu pembeni, asali imesimama. Karatasi ya mapambo hakuna. Kikapu chenyewe kinabaki, kinakwenda sokoni kila Jumamosi. Kwa bi harusi mpya wa Arusha nikaongeza kawa na kifumbu, maana alikuwa amenilalamikia kwamba anachuja tui kwa kichujio cha chai.

Nilipopiga hesabu, gharama haikuwa ndogo sana kuliko ya Kariakoo. Tusidanganyane. Lakini ndani yake mlikuwa na Amboni, Amani na Lushoto kwa nyumba nzima, na hakuna gurudumu lililochomoka.

Wifi alikifungua kikapu chake sebuleni mbele ya wote. Akaitandua kanga, akasoma jina kimya, akalisoma tena kwa sauti, akanitazama kidogo, kisha akajifunga. Nikashusha pumzi. Vikapu vya wakwe akavibeba yeye mwenyewe kwenye basi la Dodoma, miguuni, hakukubali viingie buti.

Mama mkwe alipiga simu katikati ya Januari. Shikamoo nikampa, akaitikia, akaisifia kanga kidogo, na asali akasema mzee ameificha chini ya kitanda. Kisha akaja kwenye alilopigia: iliki imekwisha, majirani wameonja chai yake, na alitaka kujua basi la asubuhi kutoka Tanga linafika Dodoma saa ngapi ili amtume mtu akasubiri mzigo.