Jinsi Nilivyokula kwa Saa za Soko Kuu la Tabriz

Mimi ni mpishi wa mgahawa mdogo mjini Unguja, na kwa muda mrefu nilitamani kujua jinsi soko kubwa la kale linavyowalisha watu wake: wapagazi, mafundi wa kurekebisha mazulia, masonara na vijana wanaofungua maduka alfajiri. Nilichagua Tabriz, kaskazini-magharibi mwa Iran, kwa sababu soko lake bado ni la wenyeji, ambao hununua humo nyama, viungo, viatu na vyombo vya kuanzia ndoa vya binti zao. Sikutaka chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya wageni. Nilitaka kile ambacho mpagazi hula kabla ya kurudia mzigo wake.

Soko lenyewe ni mji wa matofali ulioezekwa kwa makuba. Njia zake ndefu zimepangwa kwa biashara, hii ya dhahabu, ile ya viungo, nyingine ya mazulia, na katikati yake mna nyua ambamo zamani misafara ilishusha bidhaa. Mto Mehran hupita kati yake, na baadhi ya madaraja yanayouvuka nayo yamejengwa maduka. Ibn Battuta alipita Tabriz mwaka 1327 akastaajabia soko la vito la wakati huo, miaka michache tu kabla hajafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Majengo tunayoyaona leo, hata hivyo, kwa sehemu kubwa yalisimamishwa upya baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1780. UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010, na kazi ya kuyakarabati ilipata Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan mwaka 2013. Kwa mla chakula, faida ya matofali hayo ni ya moja kwa moja: nilikwenda mwezi wa Oktoba, baridi ilipokuwa imeanza, na chini ya makuba mtu aliweza kusimama na kula bila kutetemeka.

Maandalizi yangu yalikuwa machache. Kadi za benki za kigeni hazifanyi kazi Iran kwa sababu ya vikwazo, kwa hiyo nilibeba fedha taslimu na kuzibadilisha kidogo kidogo. Noti zimeandikwa riali, lakini wauzaji hutaja bei kwa tomani, na tomani moja ni riali kumi. Kila nilipotajiwa bei niliongeza sifuri moja kichwani kabla ya kutoa noti. Nilijifunza pia kuhesabu kwa Kituruki cha Kiazeri, maana hiyo ndiyo lugha ya soko la Tabriz, ingawa Kiajemi kinaeleweka kote. Kuhusu nyama kuwa halali sikuwa na haja ya kuuliza.

Jambo lililonifaa kuliko yote ni kufuata saa badala ya majina ya vyakula. Kila kundi la wafanyakazi lina wakati wake wa kula, na chakula kilicho bora saa fulani huwa kimeharibika au kimekwisha saa mbili baadaye. Niliposimama asubuhi karibu na wauza jibini, niliwaona vijana wa madukani wakinunua kipande cha jibini la Lighvan, ambalo hutengenezwa kwa maziwa ya kondoo katika kijiji cha jina hilo karibu na Tabriz na kuhifadhiwa katika maji ya chumvi. Walilila kwa mkate wa moto, kokwa za jozi na chai. Wengine walichukua malai mazito na asali. Nikafanya kama wao, na sikuona sababu ya kula kifungua kinywa cha hoteli tena.

Kabla ya adhuhuri huja zamu ya yeralma yumurta, yaani kiazi na yai, chakula cha mkokoteni ambacho watu wa Tabriz hukipenda kwa dhati. Msomaji anayeijua chipsi mayai atavitambua viambato, lakini hapa hakuna kukaanga. Muuzaji huweka viazi na mayai vilivyochemshwa mahali pa moto, humenya kimoja kimoja mteja anapoagiza, kisha huviponda juu ya mkate mwembamba wa lavash kwa siagi, chumvi, pilipili manga na majani ya nanaa yaliyokaushwa, akaukunja mkate na kumkabidhi mtu mkononi. Nilimtazama muuzaji mmoja kwa muda mrefu, naye aliponiona sitazami kwa udadisi wa kupita akanisogeza upande wake wa mkokoteni. Niligundua kwamba siri iko katika mpangilio: siagi huingia kwanza, kiazi kikiwa bado kinatoa mvuke, ili imezwe na wanga, yai hufuata, na haliruhusiwi kupondeka kabisa, nanaa huja mwisho ikisuguliwa kati ya viganja, maana joto la kiazi ndilo linaloamsha harufu yake. Nimepika miaka mingi, na mara chache nimeona vitu vya bei ndogo namna hiyo vikishughulikiwa kwa heshima kubwa namna hiyo.

Adhuhuri ni ya dizi. Huu ni mchuzi wa nyama ya kondoo, dengu, maharagwe meupe, kiazi, nyanya, kitunguu na manjano, unaochemka polepole tangu asubuhi katika vyungu vidogo, kila mlaji na chungu chake. Mafuta ya mkia wa kondoo hutiwa ndani, na mikahawa midogo iliyojificha katika vichochoro vya soko huujua mlo huu kuliko mahali popote penye vitambaa vya meza. Ulaji wake una hatua mbili, nami nilizijifunza kwa kumfuatisha mzee aliyeketi mbele yangu. Kwanza alimimina mchuzi wote katika bakuli akikizuia kitoweo ndani ya chungu, akachana mkate mkavu kwa vipande vidogo, akavizamisha na kuvila kwa kijiko. Kisha akachukua mchi mfupi wa chuma na kuponda nyama, dengu, kiazi na mafuta mpaka vikawa kitu kimoja kizito, akakichota kwa mkate pamoja na kitunguu kibichi, achari na majani mabichi. Nilipoanza kuponda changu, yule mzee alitikisa kichwa, akanishika mkono na kunionyesha nisizungushe mchi bali nisukume kuelekea pembeni mwa chungu. Aliniambia, “Polepole, mwanangu, polepole.” Alikuwa na haki: nikizungusha nyama hukatika, nikisukuma huchambuka nyuzi nyuzi.

Alasiri nilikula vitu vyepesi: bitiruti zilizochemshwa mpaka zikang’aa katika maji yake matamu, na maharagwe mapana ya moto ambayo mtu huyabinya yatoke kwenye ganda. Baada ya hapo ni chai nyeusi, ambayo wazee huinywa wakiwa wameshika donge la sukari kati ya meno.

Kuna adabu moja ya malipo ambayo ni lazima kuijua. Unapouliza kiasi gani, muuzaji mara nyingi hujibu kwamba haina thamani mbele yako, akakataa fedha. Huo ni ukarimu wa maneno, uitwao taarof, na wajibu wa mnunuzi ni kusisitiza, mara ya pili na ya tatu, mpaka bei itajwe. Nililipa kila mara. Yule mzee wa dizi peke yake ndiye aliyenishinda, kwani alikwisha kunilipia kabla sijasimama.

Siku za kazi zilinitosha kurudia mzunguko huu. Ijumaa maduka mengi hufungwa, nami niliitumia kununua mjini kurabiya, biskuti za lozi na ute wa yai zilizopambwa kwa pistachio, ambazo zilisafiri vizuri hadi nyumbani.

Sasa napika dizi mgahawani kila Alhamisi. Kondoo wanaoletwa kutoka bara wana mafuta ya kutosha mkiani, dengu na manjano si shida, na vyungu vidogo nilifinyangiwa hapa hapa. Kilichonisumbua ni mkate. Kule wanatumia sangak, unaookwa juu ya kokoto za moto, nami sina tanuri hilo. Baada ya kujaribu mikate kadhaa nimetulia na mkate wa ajemi uliolala usiku mmoja na kukaushwa kidogo juu ya makaa: haulainiki upesi kwenye mchuzi, na una nguvu ya kuchota nyama iliyopondwa. Wateja wapya huwaonyesha mimi mwenyewe namna ya kusukuma mchi.